Antena Nane za Mwalimu Breki

Jumapili, 2 Machi

Aibu. Aibu tupu. Simu ya video na binti yetu saa kumi jioni, kama kila Jumapili. Nyumba tatu kwenye kioo kimoja: binti na mumewe huko ng'ambo, sisi hapa, na mkwe wangu, baba wa huyo mume, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mjukuu kakalishwa katikati ya meza kule. Miezi kumi na moja na wiki tatu. Nikaanza kumwimbia. Nilifanya mazoezi wiki nzima, ndani ya gari, wanafunzi wakishuka.

Ubeti wa kwanza nikaganda. Mimi sijui! Nikaendelea hadi ubeti wa tatu, na makofi, kumbe wenzangu wanatazama picha ya mzee aliyeachama kama anang'olewa jino. Mke wangu ndiye aliyenishika bega nikiwa narudia kiitikio.

Mkwe, kwa upande wake, anang'aa. Hadi vinyweleo vya masikio unaweza kuvihesabu. Alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu, hana haraka na lolote. Hakuimba. Alipunga mkono tu, mara moja. Mjukuu akacheka, akamnyooshea mikono.

Mimi hajaninyooshea mikono hata siku moja. Sijapata kumbeba, ikumbukwe. Amezaliwa mbali. Ananijua kwa vipande: jicho, kimya, shavu, kimya.

Jumapili ijayo anatimiza mwaka. Keki, mshumaa, nyumba zote tatu. Nimeapa nitaonekana mzima. Mke wangu amesema ruta yetu, kile kisanduku cha mtandao, iko nyuma ya friji tangu tuhamie, pengine isogezwe tu. Yeye ni mkunga. Ya watoto ni yake. Ya mashine aniachie mimi, niliyefundisha watu udereva miaka ishirini na sita.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeahirisha somo la saa nne. Mwanafunzi mwenyewe alishukuru. Nikaenda duka la vifaa vya mtandao.

Dada wa duka alianza na maswali. Nyumba ina vyumba vingapi, na imekaaje. Kuta za nini. Simu na kompyuta ngapi zinatumika kwa pamoja. Kampuni inatuletea kasi gani. Maswali ya daktari! Nikamwambia sikuja kupimwa, nimekuja kununua. Nikamuuliza ipi ina antena nyingi.

Akasema antena si hoja kubwa. Akasema pia kwamba hata ruta iwe na mbio gani, haiwezi kutoa kasi kubwa kuliko ile inayoingia nyumbani kwa waya. Kwa nyumba ndefu yenye kuta nene, yeye angenipa zile ndogo nyeupe zinazouzwa mbili mbili, moja mwanzo wa nyumba, moja mwisho, zikapokezana. Akanionyesha. Za duara, kama visahani vya vikombe. Nikamwambia mimi sinunui kitu kinachotembea na msaidizi wake.

Ndipo nikaiona, rafu ya juu. Nyeusi, imechongoka kama gari la mashindano, taa nyekundu tumboni. Antena nane! Silinda nane! Boksi lina picha ya radi. Dada akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Nikaifungua palepale kaunta, ili asidhani nasitasita.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifunga mwenyewe. Kijitabu cha maelekezo nimekiweka chini ya mguu wa meza unaocheza, kimefaa sana.

Suala lilikuwa mahali. Mke wangu alisema sebuleni, juu ya rafu ya vitabu. Peupe! Kila mgeni aione! Kitu cha thamani hii hukaa kwenye kabati la chuma, chumba cha mwisho, pamoja na majalada ya wanafunzi wangu. Milango miwili, kufuli moja, urefu wa mtu. Nimetoboa tundu la waya kwa nyuma. Mke wangu akauliza mawimbi yatapitaje kwenye chuma. Nikamwambia ahesabu antena.

Halafu majirani. Ghorofa ya juu kuna vijana sita, na wote wana macho ya watu wanaopenda mtandao wa bure. Neno la siri pekee halitoshi, vijana wa siku hizi wanafungua kila kitu. Nikawaza: mwizi huogopa nini? Nikaupa mtandao jina la UKAGUZI WA LESENI. Mtu akiwasha simu yake aone hilo, ataizima mwenyewe.

Jioni nilijaribu. Mbele ya kabati, mlango ukiwa wazi: umeme mtupu! Video inakuja kabla hujaiomba. Mlango ukifungwa: hafifu kidogo. Sebuleni: mke wangu anasema jina la mtandao linaonekana, ila hapati kitu. Nimemwambia mashine mpya huhitaji siku mbili tatu kuzoea, kama gari jipya. Ameniangalia anavyowaangalia waume wanaotaka kuingia chumba cha kujifungulia.

Jumatano, 5 Machi

Sebuleni bado hakuna kitu. Mashine yangu haiwezi kuwa na kosa. Kwa hiyo mkwe ana siri.

Nikaenda kwake saa tano, nikasema napita tu. Mkewe akanikaribisha, akaenda kuweka chai. Mkwe alikuwa uani anamwagilia maua. Nikapata dakika mbili. Ruta yake nikaiona mara moja, imekaa wazi katikati ya rafu, hana hata soni. Nyeupe, ya duara, kama kisahani cha kikombe. Nyingine kama hiyo iko koridoni. Antena sifuri! Nikajua ni danganya toto. Ile ya kweli kaificha.

Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kochi. Hakuna. Chini ya meza ya televisheni. Hakuna. Nikaingia nusu mwili nyuma ya pazia, na hapo mkwe akaingia na ndoo yake. Akauliza kama nimepotelewa na kitu. Nikasema kifungo cha shati.

Huyu mtu! Akaweka ndoo chini, akapiga magoti na yeye, na goti lake lile bovu. Akagawa sebule katika viwanja vinne, kama kazini kwake zamani, tukapekua kiwanja baada ya kiwanja. Nusu saa. Chai ikapoa. Na kifungo akakipata! Cha bluu, kikubwa, cha koti la kike sijui la nani. Akanipa kwa furaha kiasi kwamba sikuwa na la kufanya ila kushukuru. Mkewe akaleta sindano, akanishonea palepale kifuani, juu ya vifungo vingine ambavyo havikupungua hata kimoja.

Nikiondoka nilimuuliza moja kwa moja, picha yake inang'aa kwa nini. Akasema ameiweka katikati ya nyumba, juu, pasipo na kitu cha kuizuia, na yeye hukaa karibu nayo. Basi. Anadhani mimi mtoto mdogo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mwanafunzi wa saa tatu hakuja. Wa saa nne hakuja. Wa saa tano, yule mama mwenye duka la vitambaa, alifika hadi getini, akasimama, akaangalia simu yake, akageuza. Nikamwita kwa jina lake lote. Akaongeza mwendo. Na huyu ni mtu ambaye kwenye gari sijawahi kumwona akiongeza mwendo!

Adhuhuri nikampigia. Akanong'ona. Akaniuliza kama wakaguzi wameshaondoka. Wakaguzi gani? Akasema kila mwanafunzi anajua kwamba kwangu kuna wakaguzi wa leseni wamepiga kambi, wana mpaka mtandao wao. Wanasoma jina kwenye simu wakifika getini, chini ya dirisha la chumba cha mwisho. Wamepeana habari kwenye kundi lao, kundi ambalo mimi simo, na ambalo nimegundua leo linaitwa Manusura wa Mwalimu Breki.

Breki! Kwa sababu gari langu lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mimi huikanyaga. Nimeokoa maisha ya wangapi?

Kubadilisha jina la mtandao kunahitaji neno la siri la mashine yenyewe. Nililiunda gumu makusudi, lenye herufi, namba na mkato, halafu nikaliandika kwenye karatasi. Karatasi niliibandika ndani ya boksi. Boksi mke wangu amelitoa asubuhi pamoja na takataka. Sina wa kumlaumu. Nimemlaumu mwenye gari la taka, kwa kuwahi.

Vijana wa ghorofa ya juu, hata hivyo, leo wamenisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Mmoja amenionyesha leseni yake bila kuombwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata suluhisho! Nashangaa sikuliona mapema. Mtandao ni mzuri karibu na kabati, na ndani ya kabati ni mzuri kupita kiasi. Basi kwa nini nihangaike kuutoa nje? Niingie mimi!

Mke wangu yuko zamu ya mchana. Nikatoa mbao za chini, nikahamishia majalada kitandani, nikaingiza kiti cha jikoni na taa ya mezani. Nikakaa. Magoti yanagusa mlango lakini uso umekaa sawa kabisa. Ruta juu ya kichwa, antena zimenizunguka kama taji. Nikajitazama kwenye simu. Nang'aa kuliko mkwe!

Nikavuta milango kidogo ili mwanga wa dirishani usiniharibie picha. Kumbe ufunguo uko nje na kufuli ni ya kujibana. Tak.

Nikasukuma. Nikagonga. Nikaita. Kila mtu yuko kazini. Nikajaribu kupiga simu ya kawaida, hakuna hata mstari mmoja, chuma kimeziba kila kitu. Mawimbi hayapiti kwenye chuma, nimeona kwa macho yangu. Ila mtandao wangu ulikuwa humo humo ndani pamoja nami, umejaa pomoni. Nikafungua orodha ya watu wa simu za video. Mke wangu hapokei akiwa na mama anayejifungua. Binti yuko usingizini kwa saa za huko. Aliyebaki mwenye alama ya kijani ni mmoja.

Mkwe alipokea mara moja. Nikasema nipo ofisini nakagua majalada, na kama atakuwa anapita karibu, aingie, mlango wa mbele hauna kufuli, ageuze ufunguo fulani. Akanitazama. Nyuma yangu anaona bati, juu yangu antena nane. Akasema anakuja.

Dakika kumi na mbili. Nilimsikia akivuta lile goti koridoni. Akafungua. Akanipa mkono nitoke, akanipangusa vumbi mgongoni, akasema kabati zuri, imara. Akakataa chai. Hakuuliza chochote.

Huyu mtu hatari. Sasa nasubiri aitumie siku ya Jumapili mbele ya watoto.

Jumamosi, 8 Machi

Hajamwambia mtu. Nimempigia mkewe kwa kisingizio cha kumshukuru kwa kifungo, nikamchokonoachokonoa, hajui lolote. Mkwe ananiwekea akiba.

Mke wangu aligundua mwenyewe. Jana alirudi amechoka, akalala sebuleni. Leo asubuhi ndiyo kaingia chumba cha mwisho: majalada kitandani, kiti kabatini. Akakaa kwenye kile kiti, miguu nje, viatu vya kazini mkononi, akaniuliza:

"Baba, unataka mtoto akuone, au unataka akuone zaidi ya mkwe?"

Nikasema yote mawili. Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila Jumatano, saa ya mapumziko, huongea na binti akiwa kwenye ngazi za kliniki, kwa sababu hapa nyumbani haiwezekani. Nikauliza mbona hajaniambia. Akasema ningekuja, ningeanza kurekebisha mtandao wa kliniki. Nikamwuliza wanaongea nini.

"Wewe," akasema. "Anauliza kama umekonda. Kwenye kioo hakuoni vizuri, anadhani tunamficha kitu."

Nilitoka nje kidogo. Nilisema naenda kuangalia upepo wa matairi. Tairi za gari hazina shida yoyote, nimezikagua zote nne mara mbili.

Huyu binti nilimfundisha kuendesha mwenyewe. Ndiye mwanafunzi pekee niliyemfokea, na ndiye pekee aliyefaulu mara ya kwanza. Siku alipoondoka alinikumbatia nikiwa na begi lake mkononi, sikuweza kumkumbatia vizuri, nikasema ataniona karibuni. Miaka mitatu.

Mwanafunzi mmoja tu amekuja leo. Hana simu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau hata kidogo.

Nilioga saa tisa. Nilipotoka, ruta haipo kabatini! Mke wangu alikuwa ameitoa na kurefusha waya hadi sebuleni, ameiweka juu ya rafu ya vitabu. Akasema anafuta vumbi la kabati. Saa tisa Jumapili, anafuta vumbi la kabati! Hakukuwa na muda wa kubishana. Nikamwambia baada ya sherehe irudi mahali pake.

Saa kumi kamili. Kioo kikafunguka na wote walikuwemo, hakuna aliyeganda. Binti yuko karibu na kamera, ana nywele fupi siku hizi. Sikujua. Nikakohoa niimbe.

"Baba, usiimbe kwanza," akasema. "Kaa hivyohivyo nikuone."

Nikakaa. Akanitazama, nikamtazama. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilikuwa nimetunga maneno ya kusema siku picha itakapokuwa safi, mengi tu, na yote yakaniishia. Akasema sijakonda. Nikasema hapana. Akasema ila mvi zimeongezeka. Nikasema ni wanafunzi. Kisha macho yangu yakafanya upuuzi, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kudanganya hajaona.

Wakawasha mshumaa. Na hapohapo dirisha la mkwe likawa jeusi. Umeme umekatika mtaa wao mzima. Nilifurahi. Naandika ukweli, shajara ni yangu. Nilifurahi kwa muda wa kuhesabu hadi tano.

Halafu nikaona mjukuu anagusa lile dirisha jeusi kwa kidole, anaangalia nyuma yake kumtafuta. Nikakumbuka kwamba mkwe alikuwa amefunga tai. Peke yake na mkewe, sebuleni, gizani na pazia zake, amefunga tai. Na Ijumaa alikuja na goti lile. Nikamwambia binti asubiri na mshumaa. Nikampigia mkwe kwa simu ya kawaida, nikamwambia aje, wote wawili, upesi, tunamsubiri. Akauliza kama hatutawasumbua. Nikamwambia nyumba hii ina antena nane, nafasi ipo.

Walifika wakihema, yeye tai imepinda, kiatu kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Tukabanana wanne kwenye kochi la watu watatu. Mshumaa ukawashwa mara ya pili. Binti akamsimamisha mtoto sakafuni, akamwachia.

Akatembea! Hatua moja. Mbili. Tatu, akielekea kioo, kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Kwa nani? Sisi wazee tulikuwa bega kwa bega, uso kwa uso na kamera. Nikaogopa kuuliza. Mkwe akaniinamia sikioni, akasema, "Kwako, mkwe."

Sikubisha. Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini anajua pembe.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi mkubwa. Asubuhi mapema nimeirudisha ruta kabatini, nikafunga. Sebuleni mtandao umepotea tena. Sababu iko wazi: antena zimechoka. Jana zilibeba nyumba nzima na wageni wawili. Nane hazitoshi kwa ukoo kama wetu.

Mke wangu aliitazama rafu ya vitabu. Kisha akachukua viatu vyake, akaenda zamu.

Saa nne nikamchukua mkwe tukaenda dukani. Ni wajibu wangu sasa, kama mzoefu. Dada alinikumbuka, akashika kaunta kwa mikono yote miwili. Mkwe akamweleza shida yake: umeme ukikatika, ruta inazima. Dada akamletea betri ndogo, saizi ya kitabu, huchomekwa kwenye ruta na kuibeba saa kadhaa. Mkwe akaridhika papo hapo. Nikamvuta koti. Nikamwonyesha rafu ya juu, ambako kuna nyingine mpya, imeletwa wiki hii: antena kumi na mbili! Taa za kijani na nyekundu! Akaitazama kwa adabu, akasema nzuri, imara, akalipia betri yake. Maskini. Umri huo.

Sikuweza kuiacha pale. Dada aliniuliza tena habari za kuta. Nikamwambia kuta zangu ziko salama, aniletee ngazi.

Tatizo limetokea nyumbani, dogo tu. Antena kumi na mbili zikisimama, mlango wa kabati haufungi. Nimemwita fundi chuma, amekuja na futi yake, amepima. Nimeagiza jipya: refu zaidi, pana zaidi, bati nene. Aliniuliza ni la kuwekea nini. Nikamwambia mtandao. Akaandika. Nikamwambia aweke na kitasa upande wa ndani.